Masomo ya Ukulima: Ruzuku ya Mbolea na Daftari la Wakulima wa Mto Tana

Neno "ruzuku" ni la zamani katika Kiswahili. Wazee walilitumia hasa kwa Mwenyezi Mungu, ambaye huwaruzuku viumbe vyake, yaani huwapa chakula na mahitaji yao ya kila siku. Siku hizi neno hilo limechukuliwa na Serikali, nalo limekuwa na maana iliyo nyembamba zaidi: ni fedha zitolewazo katika hazina ya umma ili kitu kiuzwe kwa bei iliyo chini ya bei yake ya kweli, au ili mtu afanyaye kazi fulani apate nyongeza juu ya mapato yake. Tofauti ya maana hizi mbili yafaa ikumbukwe. Riziki ya Mungu huwashukia watu wote kama mvua, lakini ruzuku ya Serikali humfikia yule tu ambaye jina lake limeandikwa katika daftari.

Somo hili lahusu daftari hilo, na jinsi linavyowagusa watu wa Mto Tana, toka Bura na Hola hata Garsen na Kipini. Watu wengi huuliza kwanza, "Serikali inatoa shilingi ngapi?" Swali hilo ni jema, lakini liko swali jingine lililo mbele yake: ni nani aliyeandikwa, na ameandikwa kuwa na nini?

Mpango ulivyokuwa

Tangu mwaka 2021 bei ya mbolea ya chumvichumvi ilipanda duniani kote. Vita vya Urusi na Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vikaizidisha, kwa kuwa Urusi ni miongoni mwa nchi ziuzazo mbolea nyingi sana, na kwa kuwa gesi itumikayo katika kutengeneza mbolea ya naitrojeni ilipanda bei pia. Nchini Kenya mfuko wa kilo 50 ulifikia shilingi 6,500. Mwezi wa Septemba mwaka ule Rais William Ruto, mara alipoapishwa, alitangaza kwamba mfuko huo utauzwa kwa shilingi 3,500, na shehena ya kwanza ilikuwa mifuko milioni 1.4. Mwezi wa Agosti 2023 bei ilishushwa tena hata shilingi 2,500. Mbolea ilipitia hasa katika maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao. Tanzania nayo ilifanya jambo kama hilo mwaka ule ule wa 2022: iliwaandikisha wakulima wake, ikaweka bei ya mfuko wa DAP kuwa shilingi 70,000 za nchi ile.

Ili mbolea isiishie mikononi mwa walanguzi, Serikali ya Kenya iliamuru wakulima waandikishwe. Kazi hiyo ilifanywa na machifu na wasaidizi wao pamoja na mabwana shamba. Yaliyoandikwa ni jina la mkulima, namba ya kitambulisho chake, namba ya simu yake, ukubwa wa shamba, na mazao alimayo. Baadaye mkulima alipata ujumbe katika simu yake, wenye kumwambia mifuko mingapi ameruhusiwa kununua.

Inapasa ieleweke vizuri fedha hizi zilipita njia gani. Mkulima hakulipwa kitu mkononi. Serikali ilibeba sehemu moja ya bei, na mkulima akatoa sehemu iliyobaki kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo mtu asiyekuwa na shilingi 2,500 siku ile hakupata ruzuku hata kidogo, ijapokuwa jina lake lilikuwamo katika daftari. Na mwenye eka ishirini alipata ruzuku kubwa kuliko mwenye eka moja, kwa sababu alinunua mifuko mingi zaidi. Mambo haya hayakutokana na uovu wa karani ye yote. Ndiyo tabia ya ruzuku ya namna hii, iwe imetolewa Kenya au ng'ambo.

Madaftari ya zamani

Ruzuku si jambo geni katika Kenya. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu vya Pili, Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuongeza mazao ya chakula. Kwa sheria ile mlowezi wa Kizungu aliyelima mahindi au ngano kwa mpango uliokubaliwa alihakikishiwa malipo kwa kila eka. Mvua ikikosa, au mazao yakiharibika, Serikali ilimlipa. Tena alipewa msaada wa fedha kwa kuvunja ardhi mpya. Mkulima Mwafrika hakuwamo katika daftari lile. Mahindi yake yalinunuliwa kwa bei iliyo chini ya ile ya mlowezi, na sehemu ya bei hiyo ikakatwa kabla haijamfikia, ikatiwa katika mfuko ulioitwa wa kutengeneza mashamba ya Waafrika. Kama kulikuwa na mvua, ilinyesha pande zote mbili za mpaka. Na kama kulikuwa na ukame, uliwakausha wote. Mpango wa kuhakikisha malipo kwa eka uliendelea hata baada ya uhuru wa 1963, ukiwafaa zaidi wenye mashamba makubwa.

Mfano mwingine watoka Marekani, nchi iliyo na fedha nyingi na makarani wengi. Mwaka 1933 bei ya pamba ilikuwa imeanguka vibaya, na Serikali ya huko ikaamua kuwalipa wakulima ili wapunguze mashamba yao, bei ipate kupanda. Malipo yalipelekwa kwa mwenye ardhi, kwa kuwa jina lake ndilo lililojulikana, naye alitazamiwa kumgawia mpangaji aliyelima kwa kugawana mazao. Wengi hawakugawa. Tena, kwa kuwa sasa mwenye ardhi alilipwa ili baadhi ya ardhi isilimwe, hakumhitaji tena mpangaji wake, na jamaa nyingi, Weusi kwa Weupe, zilifukuzwa katika mashamba ya kusini. Sheria haikukusudia hivyo. Ilikusudia kumsaidia mkulima, lakini haikuuliza kwa makini mkulima ni nani.

Karibu na nyumbani, Tanzania ilianza mwaka 2008 kutoa vocha za mbegu na mbolea, na vijiji vikachagua kamati za kutaja watu wanaostahili. Wazo lilikuwa zuri, maana wanakijiji wanajuana. Hata hivyo uchunguzi uliofanywa katika mkoa wa Kilimanjaro uligundua kwamba vocha kama sita katika kila kumi zilipokelewa na nyumba za wakubwa wa vijiji wenyewe. Mwenye kushika kalamu hakujisahau.

Shamba lisilotulia

Sasa na tuje Tana. Mto huu ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, yapata kilomita 1,000 toka milima ya Aberdare na Mlima Kenya hata Bahari ya Hindi. Ukishapita Garissa huingia nchi tambarare na kavu, na huko hauendi kwa njia moja. Hujipinda, huula ukingo mmoja na kuujenga mwingine, na mara kwa mara huacha mkondo wa zamani ukachukua mpya. Hata mdomo wake wa sasa umetokana kwa sehemu na kazi ya watu: katika karne ya 19, zama za Sultani wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belazoni wa kuuunganisha Tana na mto Ozi, na maji yakaufuata mfereji huo hata yakawa yatokea Kipini. Mwaka 1989 mto uliyahama mahali pa kuvutia maji ya mradi wa Hola. Mradi ule ulikuwa umeanza mwaka 1953 kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini wakati wa Mau Mau, na katika kambi ya huko waliuawa mahabusi 11 tarehe 3 Machi 1959. Baada ya mto kuhama, mashamba yale yaliyochimbwa kwa taabu kubwa namna ile yalikaa makavu kwa miaka mingi.

Wapokomo, ambao ndio wakulima wa siku nyingi wa mto huu, waliifahamu tabia hiyo na kulima kwa kuifuata. Kwa desturi shamba la jamaa lilikuwa kipande chembamba kianzacho ukingoni na kwenda nyuma hata mabondeni. Juu ukingoni, ambapo pameinuka, walipanda migomba na miembe. Chini, ambapo maji hutuama, walipanda mpunga. Na katikati mahindi. Hivyo kila jamaa ilikuwa na sehemu ya kila namna ya udongo. Mto ukifurika, mpunga hustawi. Usipofurika, mahindi ya ukingoni huenda yakaokoka kwa unyevu uliobaki. Karibu na bahari watu wa Ozi walitumia hata maji ya kujaa na kupwa: maji ya chumvi yakisukuma kutoka baharini, maji matamu ya mto huinuka na kuingia mashambani.

Waorma na Wawardei, wafugao ng'ombe, huja mtoni wakati wa kiangazi nyasi za bara zikikauka. Huzifikia kingo kwa njia za ng'ombe ziitwazo malka, zipitazo baina ya mashamba. Bonde moja, basi, laweza kuwa shamba la mpunga kwa miezi mitano, na malisho kwa miezi iliyobaki. Mabaraza ya wazee wa pande zote mbili, na kwa Wapokomo ni wazee wa gasa, ndiyo yaliyokuwa yakiamua mambo haya kwa maneno ya kinywa.

Mto wenyewe umebadilika pia. Mabwawa ya umeme ya juu, kuanzia Kindaruma mwaka 1968, kisha Masinga 1981 na Kiambere 1988, yamepunguza mafuriko ya kadiri ambayo mpunga uliyategemea. Yale makubwa mno hayazuiliki, na ndiyo yanayoharibu. Mradi wa mpunga wa Mamlaka ya Mito Tana na Athi, karibu na Garsen, uliharibiwa na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, tuta na mifereji ikavunjika. Baada ya ukame mkali ulioanza mwishoni mwa 2020, yalikuja mafuriko ya Novemba 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024. Watu walihama wakaenda juu kwenye vilima, na mashamba mengi yakafunikwa kabla ya kuvunwa.

Karani na mkulima

Na ifikiriwe hali ya karani aliyefika katika kijiji kilicho karibu na Garsen, mwenye maswali yaliyotungwa kwa ajili ya nchi nzima. Katika Trans Nzoia au Uasin Gishu maswali yale hujibiwa upesi. Mtu ana eka tano, zina mipaka ya ua, hupanda mahindi mwezi wa Machi au Aprili, na mwakani zitakuwa pale pale. Katika Delta swali la kwanza tu lina taabu. "Eka ngapi?" Mwaka gani? Mwaka wa maji mengi mtu huyu hulima eka tatu za mpunga bondeni. Mwaka wa ukame hulima nusu eka ya mahindi kando ya mto, na bonde lote ni la ng'ombe.

Swali la simu nalo lina mambo yake. Mara nyingi anayepandikiza mpunga, kuupalilia na kuwinga ndege toka alfajiri ni mwanamke, hali kipande cha shamba ni cha jamaa ya mumewe. Ikiwa iliyoandikwa ni simu ya mume, naye yuko Mombasa kazini, ujumbe wa mbolea utafika Mombasa. Huenda akautuma nyumbani siku ile ile; huenda akausoma baada ya wiki mbili. Mpunga haungoji wiki mbili.

Zito kuliko yote ni swali la ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kaunti ya Tana River ilikuwa ardhi ya amana, nayo kwa Katiba ya 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imekuwa ardhi ya jamii. Nchi iliyo hivi, kila namba ya eka iandikwayo na mtu wa Serikali yaweza kutazamwa kama ushahidi. Mkulima aweza kutamani kutaja eka nyingi, akidhani anajiwekea haki. Mfugaji akisikia eka hizo zimeandikwa aweza kudhani malka imefungwa. Watu wa Delta wanajua gharama ya dhana kama hizi. Katika mapigano ya mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 waliuawa watu zaidi ya mia moja, na miongoni mwao walikuwa wanawake na watoto.

Kwa hiyo jambo hili lapasa kusemwa waziwazi katika kila baraza: daftari la mbolea si hati ya ardhi. Kuandikwa humo hakumpi mtu shamba, na kutokuandikwa hakumnyang'anyi. Anayetaka ardhi yake itambuliwe ana njia nyingine, ndiyo ya jamii kuandikishwa na mipaka yake kupimwa chini ya ile sheria ya 2016. Chifu asemaye hivi kabla ya kufungua daftari, mbele ya wakulima na wafugaji pamoja, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko kugawa mifuko mia.

Wafugaji nao hawakuachwa kabisa. Mwaka 2015 Serikali ilianzisha katika Wajir na Turkana bima ya mifugo, ikawalipia baadhi ya wafugaji ada yake, na baadaye ikaieneza katika kaunti nyingine kavu, na Tana River ikiwamo. Bima ile haikuhesabu mizoga. Ilitazama hali ya majani kwa picha zipigwazo kutoka angani, na majani yakipungua kupita kiasi kilichowekwa, malipo hutolewa kabla ng'ombe hawajafa. Yafaa kuitaja hapa kwa sababu yaonyesha kwamba msaada waweza kutungwa kwa kufuata hali ya nchi, bila kungoja mtu aonyeshe ua wa shamba lake.

Kuusoma mfuko

Mkulima akishapata ujumbe wake, bado lipo jambo la kuchagua mbolea. Wengi hununua iliyopo, na hapo fedha nyingi hupotea.

Juu ya mfuko zimepigwa chapa namba tatu. Ya kwanza ni naitrojeni, ikuzayo majani. Ya pili ni fosfati, ifaayo mizizi. Ya tatu ni potashi. Namba hizo ni sehemu katika mia. DAP, ambayo ni mbolea ya kupandia, ina namba 18-46-0. Mfuko wake wa kilo 50, basi, una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfati, na nyingine ni vitu vya kuzichukulia tu. Mbolea za kukuzia ni kama urea, ambayo ni 46-0-0, na CAN, ambayo namba yake ya kwanza huwa 26 au 27. Mfuko wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Mfuko wa CAN una kilo 13 hivi. Ikiwa mifuko hii miwili inauzwa kwa bei moja ya shilingi 2,500, mwenye kununua urea amelipa kama shilingi 109 kwa kila kilo ya naitrojeni, na mwenye kununua CAN amelipa kama shilingi 192. Bei ya mfuko ni ile ile, lakini waliyoyanunua si sawasawa.

Kwa mpunga liko jambo jingine, nalo halielezwi vya kutosha. Nusu ya naitrojeni iliyo ndani ya CAN iko katika hali ya naitreti. Udongo uliofunikwa na maji hauna hewa, na vijidudu vya udongo huo, vikitafuta hewa, huivunja naitreti, na naitrojeni yake hupaa ikapotea angani. Kwa hiyo CAN, ambayo ni nzuri kwa mahindi ya ukingoni, haifai kutiwa katika mpunga uliosimama majini. Huko yafaa urea au salfeti ya amonia, ambazo hushikwa na udongo wa mfinyanzi. Ni vema maji yapunguzwe kwanza, mbolea itiwe juu ya tope, kisha maji yarudishwe. Ikitupwa juu ya maji mengi yaendayo, itakwenda nayo baharini.

Udongo wenye chumvi ni habari nyingine. Wakati wa ukame mto hupungua nguvu, na maji ya bahari hupanda kutoka Kipini yakaharibu mpunga na miembe. Hakuna mbolea iwezayo kuliondoa jambo hili, na anayeongeza mifuko katika shamba la namna hiyo anaongeza chumvi juu ya chumvi. Bwana shamba na aombwe kupeleka udongo ukapimwe kabla ya fedha kutoka.

Hesabu ya safari

Toka Garsen hata Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na kwenda Hola ni safari ndefu vile vile. Bei itangazwayo Nairobi ni bei ya ghalani, si ya shambani. Na ichukuliwe kwa mfano kwamba nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 1,200, chakula cha njiani shilingi 300, na kuchukuza mfuko mmoja shilingi 200. Mtu aendaye peke yake kuleta mfuko mmoja wa shilingi 2,500 atakuwa ametoa shilingi 4,200. Ikiwa dukani mfuko huo ni shilingi 6,500, ruzuku iliyotakiwa kumpa nafuu ya shilingi 4,000 imempa shilingi 2,300 tu. Akifika na kuambiwa mbolea imekwisha, arudi wiki ijayo, safari ya pili itamla shilingi 1,500 nyingine, na nafuu yake itabaki shilingi 800, pamoja na siku nne alizopoteza.

Sasa na wawe watu kumi waliopatana kumtuma mmoja wao. Nauli na chakula, shilingi 1,500, zikigawanywa kwa kumi ni shilingi 150 kwa kila mtu. Pamoja na kuchukuza shilingi 200, kila mfuko umegharimu shilingi 2,850. Nafuu ni shilingi 3,650. Kwanza, hata hivyo, ghala liulizwe kwa simu kama mbolea ipo, na kama mtu mmoja huruhusiwa kuwachukulia wenzake, na kwa karatasi gani.

Kila anayenunua aitunze stakabadhi yake, na mfuko mtupu pia. Mwanzoni mwa 2024 iligunduliwa kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwa wakulima wa Kenya kwa bei ya ruzuku haikuwa na mbolea ya kiwango kilichoandikwa juu yake. Shirika la Viwango la Kenya lilipima sampuli, uuzaji wa mbolea ile ukasimamishwa, na Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, akashitakiwa mbele ya Bunge. Kamati iliyoundwa kuchunguza mashitaka ikamwona hana hatia mwezi wa Mei. Serikali iliahidi kuwafidia wakulima walioipokea. Katika mambo kama haya mwenye stakabadhi ana kitu cha kuonyesha, na asiye nayo ana maneno yake tu.

Mahali pa kusemea

Wako wasemao kwamba kwa watu wa Tana ruzuku ya mbolea ni kumpa nguo mtu mwenye njaa. Maneno hayo yamepita kiasi, maana mahindi ya Bura na mpunga wa Garsen huitikia mbolea vizuri maji yakiwapo. Lakini ni kweli kwamba katika nchi hii mara nyingi kinachopungua kwanza ni maji yaliyotawaliwa: mafuta ya mashine ya kuvutia, mfereji uliozibwa na tope, tuta lililobomoka, na mbegu ya kupanda mara ya pili mafuriko yakishaichukua ya kwanza. Shilingi ile ile iliyotolewa kwa ajili ya mfuko ingeweza kufanya kazi kubwa zaidi katika mojawapo ya hayo, na ingewafikia hata wasioandikwa, kwa kuwa mfereji ukizibuliwa humwagilia kila aliye kando yake.

Mpango wa mbolea ulikuwa wa Serikali Kuu, na wanakijiji hawawezi kuubadili. Lakini kwa Katiba ya 2010 kazi nyingi za ukulima ziko mikononi mwa kaunti, na fedha za Kaunti ya Tana River hupitishwa na Bunge la Kaunti kule Hola. Sheria yataka wananchi wasikilizwe. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hufikishwa mbele ya Bunge kabla ya mwisho wa Aprili, mto ukiwa umeanza kupanda. Karatasi ya mpango wa fedha, iamuayo ni kazi gani zitatangulizwa, hupelekwa mapema zaidi, kabla ya mwisho wa Februari. Kijiji kitakacho mfereji wake uzibuliwe chapasa kuandika barua yake na kuipeleka kwa mjumbe wake wa kata mwezi wa Januari, wakulima na wafugaji wakitia sahihi pamoja, na njia ya malka ikiwa imetajwa humo. Nao ndio mwezi ambao kwa kawaida barabara ya kutoka Garsen hupitika.